Kuonja Si Kula

Mwaka ambao Kindu nzima ilikula sombe ya majivu, njo mwaka ule wa vita ninaousema. Chumvi ilikuwa imepotea. Treni haikuja tena, na mutu akitoka na baiskeli kutafuta chumvi, hukujua kama atarudi. Tulichoma maganda ya ndizi, tukachuja majivu kwa maji, na maji yale tukamwaga kwenye sombe, majani yetu ya mihogo. Watoto waliozaliwa nyuma ya vita wanacheka nikisema hivi. Wacheke. Mama zao walikulia majivu hayo.

Mihogo nayo ilikuwa mambo. Tulikula ile yenye uchungu, ambayo mutu wa akili anailoweka mtoni mpaka sumu itoke. Lakini nani angekaa mtoni kuchunga mihogo na askari wanapita? Tuliitoa mapema. Jirani yangu alipikia watoto wake mihogo ya haraka namna hiyo, na mumoja wao miguu ikakauka. Mpaka leo anatembea kwa fimbo. Tangu hapo nikaweka sheria katika nyumba yangu: nyungu ikiiva, mimi njo wa kwanza kuonja. Naonja, nakaa, nangoja. Kichwa kisipozunguka, nasema, "Kuleni."

Na mara nyingi sikuongeza kitu. Watoto wakiniuliza, "Mama, na wewe?" nilijibu, "Mimi nimekwisha kuonja." Nilikonda mpaka kitenge kikanizunguka kama bendera kwenye mti.

Mume wangu, aliyekuwa mutu wa reli na sasa hana reli, aliniona jioni moja naegemea ukuta kwa kizunguzungu. Akashika mwiko. Akasema, "Mama watoto, leo niache nionje mimi. Ukianguka wewe, hawa nitawapeleka wapi?"

Nikamunyang'anya mwiko. Nikamwambia, "Nyungu yangu, hakuna mutu ataionja mbele yangu."

Neno lile alilisimulia kwa watu mpaka kufa kwake, na mimi nikisikia nilijifanya sisikii, huku shingo inarefuka.

Sasa tukuje kwa mambo ya leo, ambayo yananichoma.

Niko Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka Kindu mjini, na wajukuu wamejaa nyumba. Nimenona. Sisemi kwa kuficha: nilinona kwa makusudi. Vita ilipokwisha niliapa kwamba mafuta ya mawese yatapita katika nyumba hii kama mvua, na yamepita. Watu wa njiani waliniita "mama wa mwili", na mimi niliitika.

Halafu kifua kikaanza kunibana. Nikivuka mto kwa mtumbwi na kupanda ule mulima wa ng'ambo, nasimama katikati kama mutu anayetazama mandhari, kumbe natafuta pumzi. Nilisema ni malaria. Sisi kila kitu ni malaria. Mujukuu wangu mukubwa, mwalimu wa masomo ya musingi, akasema, "Koko, malaria haingoji mulima njo ishike." Akanipeleka hospitali.

Munganga alikuwa mwanamuke, umri wa mujukuu huyo huyo. Alinipima mkono, akasema damu inasukuma kwa nguvu nyingi. Malaria hakuona. Akasema, "Mama, damu hii hii ya kila siku tunayotoa watu, inaweza kutuambia pia habari ya moyo. Tunatazama mafuta na sukari ndani yake. Tukitia hayo pamoja na umri wako na huu musukumo, tunajua kama moyo uko hatarini kabla haujaanguka. Rudi kesho. Usikule kitu mpaka tukutoe damu. Maji tu."

Nikacheka. "Mwanangu, mimi nimefunga Ramazani kabla mama yako hajazaliwa. Unamufundisha samaki kuogelea?"

Sasa musikie. Kwetu, mwezi wa Ramazani, mwanamuke anayepika ana ruhusa. Anagusa muchuzi kwa ncha ya ulimi, anajua chumvi, anatema. Funga yake haivunjiki. Ruhusa hiyo mimi niliilea kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, mpaka ikanenepa kama mimi. Kutema niliacha zamani. Ncha ya ulimi ikawa mwiko. Lakini katika kichwa changu jina lilibaki lile lile: kuonja.

Asubuhi ile watoto walikuwa wanakwenda masomo. Nikapasha sombe ya jana. Nikaonja chumvi. Nikaongeza mawese, sasa lazima uonje tena, si mawese yamebadilisha? Nikaonja kichwa cha samaki, nisije nikawapa watoto samaki aliyelala vibaya. Chini ya nyungu kulishika kidogo. Nikaonja na pale, kujua kama imeungua. Nikapangusa mudomo, nikavaa kitenge kizuri, nikavuka mto nikijihesabu mutu aliyefunga.

Kijana wa labo alinitoa damu, akaingia nayo ndani. Tulikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine. Baadaye akatoka na kichupa, uso umekunjamana, akamwita munganga. Wakakinyanyua kwenye mwanga. Damu ilikuwa imekaa chini, na yale maji ya juu, ambayo kwa mutu mwingine yanang'aa kama chai nyepesi, yangu yalikuwa meupe. Maziwa. Naapa, maziwa.

Munganga akaja mbele yangu. "Mama, umekula?"

"Sijakula."

"Hata kidogo?"

"Mungu ananiona."

Basi akamugeukia mujukuu wangu, akashusha sauti, lakini benchi lote lilisikia. "Kama amekula, hii ni chakula tu, tutarudia. Kama hajakula, mafuta namna hii katika damu ya mutu mwenye njaa ni jambo baya. Simuachi arudi nyumbani leo."

Mujukuu wangu akaanza kulia. Yule ambaye wanafunzi wake wanamuogopa! Akatoa simu, akamupigia mama yake kule Kibombo: "Mama, kuja. Koko hali si nzuri." Nikasikia binti yangu anapiga kelele ndani ya simu. Na mimi nimekaa, ulimi unasikia bado ladha ya samaki.

Ilikuwa kazi ya neno moja kumunyamazisha yule mutoto. Sikulisema. Nilifikiri benchi, nilifikiri kitenge changu kizuri, nilifikiri wasichana ninaowafundisha kufunga. Nikaacha alie.

Mama muzee aliyekaa kando yangu njo aliyenimaliza. Alitazama mkono wangu, akasema kwa sauti ya sokoni, "Dada, damu yako ni maziwa, lakini kidole chako mbona ni mawese?"

Kweli. Kwenye ukucha wa kidole gumba, kijani cha sombe na wekundu wa mawese.

"Nilionja," nikasema.

Munganga akauliza, "Ulionja kiasi gani?"

"Mpaka nikajua chumvi."

"Eh, huyu!" akasema yule muzee. "Chumvi ilikuwa imejificha chini ya nyungu!" Benchi lote likapasuka. Hata kijana wa labo aligeukia ukuta, mabega yanatikisika.

Mujukuu wangu hakucheka. Alimupigia tena mama yake, akasema, "Usikuje," akakata. Ndani ya mtumbwi alitazama maji tu. Tulipokaribia Alunguli akasema polepole, "Koko, uliniacha nikulilie mbele ya watu kwa sababu ya sahani ya sombe." Mimi niliyelala na njaa ili mama yake ashibe.

Nilirudi tena kutoa damu. Asubuhi hiyo alipika yeye, mimi nikalala nimeupa mulango mugongo. Damu haikuwa maziwa, lakini haikuwa nzuri pia. Munganga alisema mafuta mabaya yamepanda, sukari inagonga mulango, na pamoja na ule musukumo, moyo wangu uko hatarini. Hakuniambia nitakufa lini. "Damu haijui siku, mama. Inajua njia unayoelekea." Akanipa vidonge, akasema nipunguze mawese na chumvi, nitembee. Halafu akamutazama mujukuu wangu: "Na kuonja, aonje mwingine."

Mawese nilipunguza. Chumvi nilipunguza. Natembea mpaka sokoni na kurudi.

Lakini jioni ya siku ile niliyopewa vidonge, nyungu iliiva, na mujukuu wangu akachukua mwiko. "Koko, niache nionje mimi. Ukianguka wewe, sisi tutakwenda wapi?"

Hakumujua vizuri babu yake. Maneno hayo aliyatoa wapi, sijui. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mwiko. Najua hakuna sumu tena katika nyungu ile. Unga wa mihogo tunanunua, umekauka vizuri. Najua ninayemulinda sasa si mutoto, ni mudomo wangu. Macho yake yalikuwa juu yangu, na haya ilinipanda mpaka masikioni. Neno nililolisema na njaa, nililisema sasa nimeshiba:

"Nyungu yangu, hakuna mutu ataionja mbele yangu."