Kimya Nilichokileta Kindu

Niliondoka Bukavu kwa sababu madereva wengine walikataa kubeba kasha lenye vioo katika barabara ile mbovu ya Kindu. Ndani ya kasha mlikuwa na mashini ya kusikiliza transfoma saa zote. Cheche ndogo zikianza kupasuka ndani ya mafuta yake, kabla mtu hajaona moshi, mashini inalia. Nilikagua kamba mara mbili, kama kawaida yangu, nikawasha lori.

Karibu na Kalima tulikwama. Wachimba kasiteriti, mawe ya bati, wakatusukuma, nami nikapatana nao bei mpaka wakakubali sigara badala ya pesa.

"Papa, wewe unapatana hata na matope!" mmoja akanicheka.

Nilijivuna hadi Kindu.

Asubuhi tulipofika, Enjenia Zaina, aliyekuja kupokea mzigo, alibandika vikopo vya kusikilizia, vyenye sumaku, ubavuni mwa transfoma inayopeleka umeme maternite, hospitali ya wazazi. Akawasha mashini. Ikalia.

"Ipunguze kidogo, mama," nikasema. "Iko mugeni, bado inaogopa."

"Papa, hapa haiko soko. Sitii sinyatiri kwenye karatasi yako ya mzigo mpaka nijue inalia nini."

Akaenda ofisini kulinganisha vipimo. Nje, abiria wangu wa kurudi walikuwa wamekwisha kaa juu ya mizigo, wakinitukana kwa adabu kwa kuwachelewesha.

Adhuhuri, Papa Ramazani, sentineli aliyelinda pale, alikwenda kuswali. Nikabandua kikopo kimoja, halafu cha pili, nikaviegemeza ukutani. Mashini ikanyamaza. Nikaona nimepata bei nzuri.

Papa Ramazani aliporudi alisimama getini kama aliyekuta mlango wake umevunjwa.

"Nani amezima?"

"Imepona, papa."

"Imepona! Wakati wa vita, mvumo wa hapa ukikatika, tulijua wezi wamekuja kunyonya mafuta ya transfoma. Huku kwetu kimya njo kengele."

Akakimbia na magoti yake mabovu kumwita Zaina.

Zaina alirudisha vikopo bila kunitazama. Mashini ikalia mfululizo. Mstari kwenye kioo cha mashini ulikuwa umepanda kupita ule wa asubuhi. Akapiga simu maternite: "Washeni jenereta. Ninazima."

Sauti ya muuguzi ilinifikia hata mimi: "Ngoja kidogo, mama! Tuko na muntu juu ya meza ya operesheni!"

Zaina akangoja, mkono juu ya swichi. Muda ule muuguzi aliokuwa akiuomba, mimi ndiye nilikuwa nimeutumia.

"Tayari!"

Akazima. Mafundi walipoifungua baadaye, walikuta karatasi za ndani zimeungua, lakini transfoma bado ingeweza kutengenezwa.

Njia ya kurudi sikupatana bei na mtu. Kalima walidhani ninaumwa. Miaka yote nilijua kila kitu kina bei ya pili. Kindu nilijifunza kwamba kitu kinachokuonya hakina.

Wakati naondoka Kindu, Papa Ramazani ndiye aliyenifungulia geti. Nilimuaga huku nikiangalia usukani.

"Papa," akasema, "ukifika kwako, piga simu. Usitunyamazie."