Wakubwa Kwanza

Mtu aliyeanza na meza ya kuuza sigara mojamoja pale Mtoni, akafika kumiliki duka la dawa lenye kabati za vioo, hashangazwi na kitu. Nilikuwaga nawaambia watu hivyo, na nilisema kweli. Shule niliishia darasa la nne, lakini wenye vyeti walikuja kwangu kukopa.

Kompyuta zilipoanza kuingia mjini, nikanunua moja iliyokwisha tumika, nikaiweka kaunta. Kisha nikaenda Kinondoni jioni kwa kijana aliyerudi na masomo ya ng'ambo, akanifundisha lugha ya mashine inayoitwa Python, yaani chatu. Watu wakacheka, "Tajiri anafundishwa kuongea na chatu!"

Tuliishia kwenye masharti. *if* ni kama. *elif* ni kama siyo hilo, basi labda hili, na *print* ni onyesha kiooni. "Mashine inasoma kuanzia juu, mzee," aliniambia. "Ikikuta sharti la kweli inafanya lililoandikwa hapo, haishuki tena."

Nilisikia. Nikarudi dukani nikaandika mwenyewe, nimpe mteja wa malaria dozi ya siku ya kwanza kwa umri wake:

if umri >= 15:
    print("Vidonge vinne")
elif umri < 15:
    print("Vidonge viwili")
elif umri < 5:
    print("Kidonge kimoja")
elif umri < 1:
    print("Nusu kidonge")

Nilipanga kama sinia linavyoliwa kwetu: wakubwa kwanza, watoto wafuate, mchanga mwishoni kabisa. Nikajaribu kwa umri wangu, vinne. Nikajaribu kwa mwanangu wa miaka kumi, viwili. Nikatosheka.

Asubuhi ya kwanza duka lilijaa watazamaji. Akaja mama muuza vitumbua wa mtaa wa nyuma, mtoto mgongoni, amechemka homa.

"Ana umri gani?"

"Mwaka bado, kaka."

Nikaandika sifuri kwa madaha, nikageuza kioo watu waone.

"Viwili? Kwa huyu?" akauliza.

"Shemeji, mashine haina usingizi wala njaa. Itakosea vipi?"

Watu wakacheka. Akalipa, akaenda. Wallahi, mikono hii ilikuwa imepima nusu kidonge kwa watoto wachanga miaka mingi, lakini siku ile macho yangu yalikuwa kwa watazamaji.

Akafuata baba mmoja, mwanawe ana miaka kumi na miwili. Nikaandika. Vidonge viwili.

Nikasoma tena. Kijana wa kumi na miwili, viwili. Yule wa mgongoni, viwili. Mashine ilikuta sifuri ni pungufu ya kumi na tano, ikaishia hapo. Mstari wa nusu kidonge haikuufikia, na isingeufikia kamwe.

Niliruka kaunta. Kandambili moja ikabaki kwenye tope, sikugeuka. Uchochoro wa kwanza hayupo, wa pili hayupo. "Muuza vitumbua anakaa wapi?" Nilikuwa napiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Kichwani naona kajeneza kadogo, na watu wale wale wakinioneshea kidole.

Nilimkuta uani, kijiko mkononi, anaponda.

"Usimpe!"

"Cha kwanza nimeshampa. Katapika kidogo. Hiki ndo cha pili."

Nikakipiga kijiko, kikaruka. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, macho nusu wazi, kimya. Hata nzi aliyetua mdomoni pake hakumshtua. Nikambeba, mama yake nyuma akilia, "Umempa nini mwanangu? Umempa nini?" Ndani ya teksi niliweka sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa unapiga, kisha nikahisi umesimama, kumbe ni gari limeingia shimoni.

Hospitalini daktari alimchukua, mlango ukafungwa. Kila kiatu kilichopita nje ya ule mlango nilikifuata kwa macho. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikabaki benchini, naogopa nikisimama tu nitaitwa.

Alasiri tukasikia kilio. Kikali, cha mtoto anayedai ziwa. Mama akaingia mbio. Mie nilibaki nimeshika ukuta.

Jioni ile niligeuza mistari: chini ya mwaka juu kabisa, kisha chini ya mitano, kisha chini ya kumi na tano, wakubwa chini. Nikajaribu sifuri, nusu kidonge. Nikajaribu kila umri hadi vidole vikauma.

Kesho yake mama yule alisimama mlangoni, hakuingia.

"Unga wangu umechacha jana," akasema. "Vitumbua sikuchoma."

"Nitalipa, shemeji."

"Lipa. Na mie shemeji yako tangu lini?"

Nikapiga hesabu ya kosa langu: teksi kwenda elfu tatu, kurudi elfu tatu, hospitali elfu nne na mia tano, unga elfu mbili mia saba na hamsini. Shilingi elfu kumi na tatu, mia mbili na hamsini.