Ncha ya Mraba ya Fundi Liborio

Kwetu Montelivo mwanamume anaweza kubadilisha chama, hata dini akipata kazi Amerika, lakini kinyozi habadilishi. Ndiyo maana shemeji yangu Liborio Scaduto alipoanza kutukatakata hatukukimbia. Tulikaa kitini tukakatwa.

Liborio alikuwa amemwoa dada yangu Agatina. Mimi ni fundi viatu, jina langu Nunzio Trovato, na kibanda changu kilipakana ukuta na saluni yake. Kwa miaka thelathini nilisikia kila alichosema, naye alisema mengi. Alikuwa mfupi, mwenye tumbo na maringo. Mandolini yake, gitaa dogo, ilining'inia juu ya kioo, na kila Mwaka Mpya aligawa kalenda ndogo zenye manukato na picha za wanawake waliosahau kuvaa. Padri alizilaani mimbarini kila mwaka. Ya kwake alikuja kuichukua mwenyewe, kwa mlango wa nyuma.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa wembe wake wa kukunja, wenye ncha ya mraba. Nyembe zina ncha za namna nyingi. Kuna ya mviringo, haina kona, hata mkono ukiteleza haimchomi mtu. Na kuna ya mraba, ambayo makali yake yananyooka mpaka mwisho na kuishia kwenye kona kali kama sindano yangu ya kushonea soli. Kwa kona ile Liborio aliingia chini ya pua, akazunguka sikio, akachonga ukingo wa sharubu, akatoka na unywele mmoja tu, ule ule alioutaka.

"Ya mviringo ni ya wanagenzi na vinyozi wa magereza," alizoea kusema. "Ni wembe wa watawa. Mwanamume ananyoa kwa kona."

Kinyozi kwetu hapimwi kwa kidevu, anapimwa kwa usingizi. Mteja akikoroma huku wembe uko shingoni, hapo kuna kinyozi. Kwa Liborio tulikoroma wote, na Jumamosi wake zetu wakipita nje waliweza kutaja kwa mkoromo tu nani yuko kitini.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Kwanza kikombe cha kahawa kiligonga kisahani. Halafu sikio la wakili. Halafu chunjua ya muuza dawa, aliyoirithi kwa baba yake, ikaenda na maji. Mimi nilichanjwa chini ya pua. Kila mara kosa lilikuwa la mwingine: mteja alipiga chafya, nzi alipita, upepo wa kusini ulivuma.

Nani angelala tena pale? Lakini nani angethubutu kukaa kimya? Kiti kisicho na mkoromo kingemuua yule mzee kabla ya siku zake. Basi tukaanza kukoroma kwa makusudi. Mimi ndiye niliyeanzisha: macho nimefumba, vidole vya miguu nimevikunja ndani ya viatu, nakoroma kama mtu asiye na deni wala dhambi. Wakili akaiga. Muuza dawa akaongeza na mluzi. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi tulizitia maji, tukaongeza na sala.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mmoja wetu akose pua, kama binti wa pekee wa Liborio, Ninfa, asingechumbiwa na Saro Bonfiglio, dereva wa lori. Asubuhi ya harusi kinyozi huenda nyumbani kwa bwana arusi, akamnyoa mbele ya ukoo mzima. Tone moja tu la damu, na mashangazi wanaanza kuhesabu miaka iliyobaki kabla bibi arusi hajawa mjane. Na kinyozi mwenyewe ndiye huyo baba yake.

Wiki moja kabla, Ninfa aliingia kibandani kwangu.

"Mjomba, mwambie baba atumie wembe wa mviringo."

"Mwambie wewe. Mimi bado nayapenda masikio yangu."

"Nimemwambia. Kasema basi Saro akaoe mtawa."

"Na Saro mwenyewe?"

"Anasema atavumilia. Mjomba, mimi sitaki mume wa kuvumilia. Nataka mume mwenye pua!"

Akacheka, halafu akalia, na mimi machozi ya mtoto yule siyawezi. Nilinunua wembe wa mviringo kwa mchuuzi nikauweka mbele ya baba yake.

"Nini hiki?"

"Zawadi ya harusi."

"Kwa nani?"

"Kwa Saro. Atakayeitumia ni wewe."

Akaitupa kwenye droo ya kalenda. "Shemeji, nenda kashone viatu."

Nilipandwa na hasira. Nikamwita mzee mbishi, nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa, na mengine ambayo dada yangu hajui kama nayajua. Liborio alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu aliyekamata mwizi.

Asubuhi ya harusi jiko la akina Bonfiglio lilijaa watu, divai na biskuti za lozi. Saro alikuwa kitini, taulo shingoni, mweupe kuliko taulo. Liborio akafungua mkoba wake, nikaona nyembe zote mbili zimo. Moyo wangu ukafurahi. Akachukua wa mraba.

Mashavu yalipita salama. Kisha akaiinua pua ya Saro kwa vidole viwili, na ile kona ikaja ikitetemeka, ikirusha mwanga darini. Mama Bonfiglio akatoa rozari. Hapo Saro, maskini, akafumba macho akaanza kukoroma, kwa adabu aliyofundwa na mji mzima.

Liborio akausimamisha wembe.

Hakuna bwana arusi anayelala asubuhi ya harusi yake. Huyu alikuwa hajalala siku tatu. Liborio akainamisha kichwa akausikiliza mkoromo ule, kama alivyosikiliza uzi wa mandolini uliolegea. Akamtazama wakili. Wakili akatazama viatu vyake. Akamtazama muuza dawa, kisha mimi, na macho yake yakabaki kwangu. Sijawahi kuona aibu kama ile.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu Pasaka."

"Wote?"

"Wote."

"Hata Padri?"

"Padri ndiye anayetushinda wote."

Saro alikuwa bado anakoroma. Liborio akampiga kofi dogo shavuni. "Basi, mwanangu. Umeshafaulu."

Akaukunja wembe wa mraba polepole. Akachukua wa mviringo, akauinua watu wauone.

"Huu ni wembe wa watawa," akasema. "Atakayecheka anafuata yeye kitini."

Hakucheka mtu. Halikutoka tone. Ila ncha ya mviringo haifiki kila mahali, kwa hiyo Saro alikwenda altareni na vinywele vitatu chini ya pua. Ninfa alipofunuliwa shela aliviona, akacheka kwa sauti mpaka Padri akapoteza mstari kitabuni.

Jumamosi iliyofuata niliogopa kwenda. Nikaenda. Liborio alinikabidhi ule wembe wa mraba, umefungwa ndani ya kitambaa.

"Katia ngozi zako," akasema. "Ngozi ya ng'ombe haiogopi."

Nikakaa. Povu likapakwa. Wembe wa mviringo ukapita shingoni, mkono ukitetemeka kama kawaida yake, na mimi nikavikunja vidole vya miguu nikingoja hofu ije.

Nilipofumbua macho, uso ulikuwa mkavu na wateja wawili walikuwa kwenye benchi, wananong'ona wasiniamshe. Liborio alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yangu, ananitazama.

"Umekoroma," akasema.

"Nisamehe, shemeji."

"Vibaya sana. Kama punda mgonjwa. Ule wa uongo ulikuwa na adabu kidogo."

Akageuka kuupangusa wembe, akaupangusa kwa muda mrefu. Kisha, bila kutuonyesha uso, akaita:

"Haya, anayefuata. Aje alale."