Minyaa Kwenye Makopo ya Sista

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mtunza bustani wa misheni moja karibu na Iringa. Sista alipokwenda Mbeya kwa mwezi mmoja, aliniachia makopo tisa ya mimea yake isiyo na majani, minene kama vidole.

"Usiimwagilie maji," alisema.

Lakini mimi ni mkulima. Kiangazi kikali kile nikaionea huruma, nikaimwagilia kila asubuhi kama miche ya kabichi. Ikaoza yote.

Kwa hofu nikakata minyaa ya ua wa nyumbani kwangu, nikaichomeka makoponi. Ilifanana kabisa, nikajiona mjanja. Hata hivyo, Sista aliporudi sikupata usingizi siku nne.

Siku ya tano akaja bustanini na mgeni. "Nikukatie kipande ukapande kwako," akamwambia, akavunja tawi. Maziwa yakamtiririkia vidoleni. Akashangaa, kisha akainua mkono uleule arekebishe miwani.

Kila mtoto wa Kihehe anajua utomvu ule hupofusha.

"Sista, usijiguse macho," nikapaza sauti. "Hiyo ni minyaa ya uani kwangu."