Wadogo Weusi, Wakubwa wa Kahawia

Daktari Winrose Kaari alipenda mbawakawa tangu akiwa mtoto wa walimu kule Kianjai, akiwaficha kwenye kisanduku cha chaki cha babake. Alisoma mpaka akaitwa daktari wa wadudu, akaajiriwa huku Embu, na mimi, Njue, nikawa fundi wake wa maabara. Miaka kumi na moja nimewadunga wadudu wake pini, na bado sielewi tulipotelea wapi.

Mbawakawa wa kahawa, alituambia, ni aina mbili. Wadogo weusi tuliwakuta wakitafuna magome, kwa hivyo wauawe. Wakubwa wa kahawia walijikalia tu majanini, hawana neno, waachwe. Wakulima wa Manyatta walimwamini. Kahawa ilipozidi kukauka, akawahimiza waue wadogo zaidi.

Mwaka huu tulikata shina moja lenye mabuu, tukawalea kwenye chupa. Wakatoka wadogo weusi saba na wakubwa wa kahawia tisa, na kabla ya chai ya saa nne walikuwa wamepandana. Mume na mke. Tukafungua masanduku yetu ya miaka yote: moja madume matupu, jingine majike matupu. Wasomi wazima, na hakuna aliyewahi kuuliza wenzao wako wapi. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Tulikuwa tumewalinda wale wale wanaotaga mayai ndani ya shina.

"Njue, nimekuwa nikiangalia nini?" aliniuliza.

Angeweza kunyamaza. Alhamisi tulienda Manyatta, kwenye ukumbi wa kanisa, akawaeleza yote akiwa amesimama.

Mama Mugendi, mjane ambaye nusu ya kahawa yake imekauka, aliinua mkono. "Daktari, hao wakubwa nilikuwa nawatoa kwa mdomo ya kuku, nawarudisha kwa mti. Si ulisema tusiwaguze?"

"Nilisema, mama. Nilikosea."

Mama Mugendi alifungua ukurasa mwingine wa daftari lake. "Na yule mwekundu wa madoa, ulisema ni rafiki. Huyo tuache ama tuue?"

Ni rafiki. Hata mtoto wa shule anajua kwamba hula wadudu waharibifu. Nilitaka kumjibia. Daktari aliitazama mikono yake.

"Sijui," alisema.

Wakulima wale wamezoea kuandika kila anachosema. Waliinamia madaftari yao, wakaandika.