Siku Wabunge Walipokuja Kuona Robine Yetu

Mwezi wa tatu, wabunge wanne walikuja mtaani kwetu Kanyosha kwa sababu ya barua yangu. Wakamaliza kazi, wakaenda kunywa Fanta, wakaniacha ndani ya shimo.

Ngoja nieleze.

Naitwa Mwanasiti, fundi cherehani. Polio ilichukua miguu yangu nikiwa mdogo, natembelea kigari cha kusukuma kwa mikono.

Robine, yaani bomba la maji la mtaa wetu, iko shimoni. Maji yalikosa nguvu ya kupanda, watu wakayafuata chini kwa majembe, mwaka hadi mwaka, mpaka zikafika ngazi saba. Uchafu wote unatuama humo humo. Mwaka jana kipindupindu kilimlaza binti yangu Lubna siku tisa, nikadhani namzika.

Ombi langu lilikuwa moja: robine ipandishwe juu, iwekewe mteremko, nijichotee maji safi mwenyewe.

Shefu wa mtaa, Astère, alipopata habari za ugeni, jasho lilimtoka.

"Mwanasiti, batasema mi siongozi muzuri. Tusafishe kwanza."

Jumamosi, siku ya kazi za pamoja, mtaa mzima ulizoa matope na kupaka ngazi chokaa. Sikubisha. Tena nilitoa ufagio wangu. Mgeni ni mgeni.

Jumatatu, siku ya ugeni, hata maji, tuliyoyakosa wiki mbili, yalitoka kwa kishindo.

Nilivaa gauni la Idi. Wanaume wanne wakaninyanyua na kigari changu kama bibi harusi, wakanishusha mpaka robineni. Vigelegele vikapigwa. Na mimi, mjinga, nikatabasamu.

Onorable Prudence, mbunge aliyeongoza msafara, akauliza kutoka juu:

"Mama, banakusaidiaka hivi kila siku?"

Majirani wote walikuwa wananitazama.

"Ego, ndiyo, Onorable. Banajikaza."

Akaandika, akamsomea mwenzake: "Majirani banasaidia. Shida apana."

Moyo ulinifa. Nikaita, lakini robine ilinguruma kunishinda. Astère alishawaalika wageni kwake. Na wale wabebaji wanne? Fanta ilikuwa baridi, wakaifuata.

Nikajaribu kufunga robine. Ikagoma. Maji yakaanza kupanda, na uchafu wote wa chini ukapanda nayo, mpaka yakanifika mapajani. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Niliogopa, sifichi. Nilikuwa namfikiria Lubna tu, nani atamlea.

Baada ya nusu saa akatokea Mirindi, dereva wa wabunge, na chupa tupu. Alikuja kutafuta maji ya gari.

"Mama, unafanya nini humo?"

"Naogelea."

Wakaja mbio wote. Ngazi zilikuwa zinateleza, wanaume wanne hawakutosha. Onorable akavua viatu, akaingia kwenye maji yale, akashika kigari kwa nyuma. Alianguka mara mbili.

Tulipofika juu alinawa miguu kwa sabuni mara tatu.

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa na haya, Onorable. Sikutaka kuaibisha majirani."

Alifungua daftari, akachana ukurasa ule wa "Shida apana."

Mwezi wa sita robine ilipanda juu, ikawekewa mteremko wa saruji. Sasa najichotea.

Astère anasimulia kwenye kila mkutano kwamba kuniacha shimoni ulikuwa mpango wake tangu mwanzo. Watu wanampigia makofi. Mi namwacha.

Ila wewe unayesoma: ukishamwita daktari aone ugonjwa wako, usijipake poda.