Gurudumu la Kushoto

Baba alipofariki, gari lake lilikuwa limekaa nyuma ya zizi la ng'ombe kwa miaka kumi na tisa. Lilikuwa gari refu la kijani, la dizeli, lililotumika kwanza Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Alilinunua wakati ambapo watu wenye gari kwenye vilima vyetu vya nyuma ya Silibwet walikuwa wachache sana. Mvua ikinyesha huku kwetu, njia za katikati ya mashamba ya chai huteleza kama sabuni, lakini gari lile lilikuwa linapita. Kwa hiyo likawa la kijiji kizima. Lilibeba mbolea, maharusi, majeneza na wagonjwa, na baba hakuwahi kumkatalia mtu.

Alasiri moja, nikiwa na miaka kumi na minne, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito alikuja mbio akasema mke wake ameshikwa na uchungu kabla ya wakati. Mvua ilikuwa inamwagika. Mama na wanawake wengine walikuwa kwenye kituo cha kupimia majani chai. Baba na yule jirani wakampakia mjamzito kwenye kiti cha nyuma, mume wake akakaa naye amempakata kichwa, wakaondoka kuelekea hospitali ya Kaplong.

Hawakufika. Kwenye mteremko ulio juu ya daraja la mbao, gari liliteleza likaingia mtaroni, na halikutoka. Mke wa jirani alifia humo ndani, pamoja na mtoto. Trekta la shamba kubwa la chai lilikuja kuwavuta wakati hapakuwa tena na haja ya haraka.

Nakumbuka baba akirudi. Alikuwa na matope hadi mapajani, akapita karibu yangu bila kuniona. Siku chache baadaye aling'oa kiti cha nyuma akakichoma moto mwenyewe, akaosha gari, akaliegesha nyuma ya zizi. Hakuliendesha tena. Alitembea kwa miguu hadi alipozeeka, na mvua kubwa ikianza alitoka akasimama barazani akitazama upande wa zizi mpaka ikatike. Hatukuwahi kumuuliza. Sisi watoto tuliogopa kupita pale. Dada yangu mdogo aliapa kwamba amesikia mtu akipumua ndani ya gari, na mimi nilimkemea, lakini nilikuwa nimesikia pia.

Baba na jirani waliendelea kusalimiana kila siku njiani. Walipeana mikono, wakaangalia chini, kila mtu akashika njia yake. Siku ya mazishi ya baba, jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika koleo, na alikataa kumpa mtu mwingine.

Mimi sasa ni daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kufika kwenye mazizi ya watu mvua iwe au isiwe, na pikipiki ilikuwa imeniangusha mara mbili kwenye matope. Ndiyo sababu niliyompa mama nilipomwambia nataka kulifufua gari la baba. Mama aliendelea kuchambua mboga.

"Liache lilale," akasema.

Nilimwambia chuma hakilali, kinaoza tu. Asubuhi gari lilipokuja kuvutwa, aliingia ndani akafunga mlango.

Fundi niliyempata pale Silibwet alikuwa mzee kidogo, mtu wa kutoka upande wa Kisii, mwenye mikono mizito na maneno machache. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga chesisi kwa nyundo, akasema mwili umeliwa na kutu lakini moyo ni mzima. Tulikubaliana alirudishe kwanza, halafu aliboreshe: springi ndefu zaidi ili liinuke, tairi za meno makubwa, taa za kisasa, na mbele winchi, ya kujivuta kwa kamba ya waya likikwama. Kiti cha nyuma nacho tungetafuta kingine.

Kila nikimaliza kazi nilipita gereji. Niliona injini ikifunguliwa, panya wakitolewa na viota vyao, mabati mapya yakichomelewa sakafuni. Mara mbili tatu nilimkuta jirani yetu pale, ameketi kwenye tairi kuukuu kando ya ukuta, kofia magotini. Hakusema amefuata nini. Fundi aliniambia mzee huyo huja, hukaa, huondoka, na hajawahi kugusa kitu. Kuna jioni moja niliinua macho kutoka kwenye injini nikamwona anatazama mahali palipokuwa na kiti cha nyuma, midomo ikitikisika kama mtu anayejibu swali. Niliweka spana chini.

Wiki ya tatu fundi akanipigia simu nije. Alikuwa anasafisha magurudumu ya mbele. Gari la aina hiyo, alinieleza, halivuti kwa magurudumu yote manne kwa kusukuma gia peke yake. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifundo kidogo, na dereva lazima ashuke akizungushe kwa mkono kutoka FREE, yaani huru, hadi LOCK, yaani limefungwa. Avizungushe vyote viwili. Akifunga kimoja akaacha kingine, nguvu yote ya mbele hukimbilia kwenye gurudumu lililo huru, ni kama hajafanya kitu.

Cha kulia, upande wa dereva, kilikuwa kwenye LOCK. Cha kushoto kilikuwa kimefunikwa na tope lililokauka kama saruji. Baba alikuwa ameosha gari lote, lakini hapo hakupagusa. Fundi alilibandua kwa bisibisi, likaanguka kipande kizima, na chini yake kifundo kilikuwa kwenye FREE.

"Aliyeshuka alifunga kimoja," fundi akasema. Hakujua habari zetu, alikuwa anaongea juu ya gari tu.

Nilikwenda nyumbani na sikurudi gereji kwa siku nane. Kwa hiyo lingeweza kutoka. Hatua nne au tano kuzunguka mbele ya boneti, mkono mmoja kuzungusha kitu cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, na wangefika lami, na pengine Kaplong. Baba alijua. Ndiyo maana alisimama barazani. Usiku sikulala vizuri, na mchana nikishika usukani wa pikipiki niliona vidole vyangu ni vyake.

Kisha jirani akaniita nimtibu ng'ombe aliyevimba kiwele. Tulikuwa wawili tu zizini. Nilimchoma sindano, nikanawa mikono kwenye ndoo, na nikiwa bado nimeinama nikamwambia kila kitu alichoniambia fundi. Nikasema, kwa kuwa baba hayupo, mimi naomba msamaha kwa niaba yake.

Mzee alimkuna ng'ombe shingoni.

"Alikuwa anakwenda kufunga cha pili," akasema. "Ni mimi nilimwita."

Akanieleza polepole, akitazama ukuta. Damu ilikuwa imeanza kutoka nyingi, akaogopa, akapaza sauti kumwita baba arudi amsaidie kumshika mke wake. Baba alikuwa tayari amefika mbele ya boneti. Aligeuka akarudi. Wakamshika pamoja, baadaye baba akaruka kwenye usukani bila kurudi kwenye lile gurudumu, akakanyaga mafuta, na gari likachimba tu. Jirani hakujua kazi ya vile vifundo siku ile. Alikuja kuelewa miezi kadhaa baadaye, alipomwona dereva mwingine akishuka kuvifunga kwenye matope, kimoja halafu kingine.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia baba.

"Nilidhani anajua. Kila asubuhi ananipa mkono na haniulizi. Siku nyingine nasema amenisamehe, siku nyingine nasema hawezi kunisamehe. Nikaogopa kuuliza."

Nilimwambia baba hakuwahi kumtaja kwa ubaya hata siku moja, na kwamba nadhani alijilaumu mwenyewe hadi kaburini. Yule mzee alifunika uso kwa kofia yake. Watu wawili, kijito kimoja katikati, kila mmoja akimwogopa mwenzake miaka yote hiyo.

Nilirudi gereji nikamwomba fundi atoe vile vifundo kabisa. Akaweka vifuniko vya chuma ambavyo huacha magurudumu ya mbele yameshikamana na ekseli wakati wote. Alisema gari litakula dizeli zaidi kidogo. Nikamwambia acha litumie.

Lilipokuwa tayari, jirani alikuja akaomba nimpeleke Kaplong. Ilikuwa mvua. Alikataa kiti cha mbele, akapanda nyuma. Kwenye mteremko ule ule aliniambia nisimame, akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la kushoto akainama. Nilimwona akipapasa katikati yake, akitafuta. Nilishuka nikamwambia hakuna tena cha kuzungusha. Aliendelea kupapasa. Tulisimama hapo wote wawili tukilowa, injini ikinguruma, hadi nikamshika mkono nikamrudisha ndani. Gari lilipanda bila kuteleza hata kidogo, na nilichukia jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kaplong niliegesha ng'ambo ya lango la hospitali. Nikamuuliza kama anataka kuingia. Akasema hapana, alitaka tu kuona ni mwendo wa muda gani.

Nikiwa nageuza gari, akaanza kuongea bila kuulizwa. Aliniambia mke wake hakulia sana siku ile. Alikuwa anauliza jambo moja tu, tena na tena, kama ndama wamefungwa, wasije wakanyonya maziwa yote ya jioni.

"Mzee wako akamwambia ndiyo, tumewafunga. Mimi pia nikamwambia ndiyo." Akapangusa kioo cha dirisha kwa kiganja. "Hatukuwa tumewafunga."